Kigari cha Mtoto katika Mtaa wa Durley

Ozella Tilghman alikata kona ya Mtaa wa Durley akisukuma kigari cha mtoto, na moyo wake ulidunda kama ngoma ya arusi.

Ilikuwa Jumamosi, jua la Julai limeshaanza kuchoma, na kila mwenye ngazi katika mji wa Baltimore, Marekani, alikuwa magotini. Mji ule ndivyo ulivyo. Jumamosi asubuhi mwanamke ambaye hajasugua ngazi zake za marumaru nyeupe mpaka zikang'aa kama meno ya bwana arusi, bora abaki ndani na pazia alifunge. Wazungu husugua, weusi husugua. Hawakai mtaa mmoja, hawali meza moja, hata kuzikwa hawazikwi mahali pamoja, lakini ndoo ni ileile, brashi ni ileile, na jiwe la kusugulia ni lilelile.

Na ndani ya kigari, je? Haya, tegua: abiria wangu halii, hanyonyi, hakui, na kila Jumamosi namtembeza juani. Umeshindwa? Nipe mji. Ni mwanasesere.

Mwanasesere wa plastiki, amefunikwa blanketi la waridi mpaka puani, na kofia ya kigari imeshushwa asionekane. Alinunuliwa na Bwana Wexley, dalali wa nyumba, pamoja na hicho kigari chenyewe, cha mkono wa pili, kilichokufa breki.

"Unashuka taratibu kutoka juu mpaka chini, Bi Tilghman," alikuwa amemwambia. Ndiye mzungu wa kwanza kumwita Ozella "Bi", na Ozella alisikia neno lile likimteremka rohoni kama maji ya barafu. "Ukifika chini, unapanda tena. Usizungumze na mtu. Na mtoto asionekane."

"Lakini hakuna mtoto, Bwana Wexley."

"Ndiyo maana asionekane!" Akacheka, na meno yake yalikuwa mazuri. "Sikiliza. Nataka majirani wakuzoee. Mtu akishazoea kukuona hashtuki ukihamia. Wakikuzoea, ile nyumba ya kona ni yako wewe na mumeo."

Nyumba ya kona! Ozella alikuwa ameiota mpaka akiwa macho. Ngazi tatu nyeupe, mlango wa kijani, na kwenye dirisha la mbele ule wavu wa kuzuia nzi uliochorwa kwa rangi: kijumba chenye paa jekundu, kijito, na bata wawili. Aliye nje anaona bata tu. Aliye ndani anaona barabara nzima, nani kapita, nani kanunua nini, nani kamnunia nani. Mama yake Ozella alikuwa na kitendawili chake juu ya wavu ule: "Namwona, hanioni." Lakini mama yule alikufa bila kuumiliki hata mmoja.

Rudell, mumewe, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, hakufurahi kama yeye.

"Ozella," alimwambia akivua viatu vyake vizito, "mtu akikupa kigari bila mtoto, muulize mtoto yuko wapi."

"Mtoto yuko hapa," alijibu Ozella, akipiga tumbo lake lililokuwa limeanza kutuna. "Na sitaki azaliwe Mtaa wa Pell."

Rudell akavua kiatu cha pili. Mtaa wa Pell ndiko walikoishi, na hakuna aliyeweza kuutetea. Nyumba zake zamani zilikuwa za familia moja moja. Mwenye nyumba alizikatakata vyumba kama mkate, watu wakabanana humo kwa bomba moja. Gari la taka lilipita likijisikia. Benki ilikuwa haikopeshi mtu kutengeneza hata paa, na kampuni za bima ukitaja jina la mtaa zinakata simu. Kazi zilikuwa zimehama kwenda mbali ambako basi haliendi. Polisi tu ndio hawakuhama. Ndipo Aprili ile, mwaka wa sitini na nane, yule mchungaji aliyepigania haki za weusi akapigwa risasi kule Memphis, na mioyo iliyokuwa imejaa mpaka juu ikamwagika barabarani kwa ghasia na moto. Duka la dawa, la dobi, la viatu, yote majivu. Sasa Ozella akitaka maziwa anatembea mpaka miguu inamuuma.

Basi utamlaumu kwa kusukuma kigari?

Jumamosi ya kwanza hakukuwa na bango hata moja katika Mtaa wa Durley. Leo mabango yalikuwa yameota mbele ya nyumba kama uyoga baada ya mvua: INAUZWA. INAUZWA. INAUZWA. Ozella aliyatazama akatabasamu. Mungu anatufungulia milango, alisema moyoni.

Nusu ya mteremko, alimkuta bibi mmoja wa kizungu amefunga kitambaa kichwani, amepiga magoti mbele ya ngazi zake. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji, anasugua kwa mkono wa kushoto. Na alivyokuwa anasugua! Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, povu la kijivu linatiririka, michirizi imebaki juu ya jiwe kama nyayo za kuku.

Ozella alikumbuka maneno ya Bwana Wexley: usizungumze na mtu. Akapita. Akapiga hatua nyingine. Miguu ikakubali, macho yakakataa. Mwanamke wa Baltimore anaweza kuipita ajali barabarani, anaweza kumpita aliyemkosea akajifanya hamwoni, lakini ngazi iliyosuguliwa vibaya haipiti. Kabla hajajizuia, mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Mama, unaliharibu jiwe."

Yule bibi akainua uso. "Umesema nini?"

"Unasugua kama unampiga ng'ombe mswaki. Marumaru husuguliwa kwa kuzungusha."

"Msichana we, mimi nasugua ngazi hizi tangu mama yako hajaota meno!"

"Basi tangu siku hiyo unakosea. Na mimi si msichana, ni mke wa mtu."

Mapazia ya ng'ambo yalitikisika. Yule bibi alimtazama Ozella toka viatu mpaka kofia, kisha kikamtoka kicheko kidogo kikavu, kama kikohozi.

"Mkono wa kulia umevunjika," alisema. "Nilianguka kanisani. Mbele ya padri, sketi juu! Huu wa kushoto haujui kazi. Mimi Ludmila Hruska."

"Ozella Tilghman. Sogea, Mama Hruska, kabla sijalia."

Mama Hruska alikuwa na mawe mawili, moja la kukwaruza na moja laini la kumalizia. Ozella alikiegesha kigari pembeni, na kwa kuwa breki ilikuwa imekufa na mtaa unateremka, alilisukumiza lile jiwe laini chini ya gurudumu. Kisha akakunja gauni, akapiga magoti, akaanza. Duara, duara, duara ndogo ndogo, kutoka kona kwenda katikati. Uchafu wa wiki nzima ukapanda juu kama maziwa yanayochemka.

"Ehee," alisema Mama Hruska, amekaa juu ya ndoo tupu iliyopinduliwa kama jaji. "Ona huyu! Nani kakufundisha?"

"Mama yangu. Ukimwachia kona chafu, chakula cha mchana unakisikia kwa jirani."

"Kama mama yangu mimi. Mwanamke wa Bohemia, kule Ulaya, mkono kama koleo." Akakinyoshea kigari kidole. "Wa kwako halii?"

"Ana... ana usingizi mzito."

"Bahati yako. Wangu walilia mpaka ng'ombe waliobaki Bohemia wakasikia." Kisha akasema polepole, kama mtu anayeonja supu, "Kwa hiyo ni wewe."

"Mimi nani?"

"Wa kwenye simu."

Brashi ikasimama.

"Kila Jumamosi jioni simu inalia," alisema Mama Hruska. "Sauti tamu, asali tupu. 'Bi Hruska, umemwona yule mwanamke mweusi na mtoto? Wameshanunua mtaani kwako. Nyuma yake wanakuja wengine. Ulisahau moto wa Aprili? Uza leo, maana kesho nyumba yako haitakununulia hata jeneza.' Wamempigia kila mtu. Nowak ameshauza, bei ya kutupa. Mke wake analia, anauliza tumekosa nini. Na Sedlak wa pale kona, unamwona? Anatia saini leo. Dalali mwenyewe yuko naye."

"Dalali gani?" aliuliza Ozella.

"Wexley. Nani mwingine?"

Ozella aliiachia brashi ikaanguka. Alitazama chini ya mteremko. Pale kona, mbele ya mlango wa kijani, kwenye ngazi zile alizoziota, alikaa mzee mnene mwenye fulana na kanda za suruali begani. Karibu yake Bwana Wexley, koti jeupe, anamshikia karatasi kwa mkono mmoja na kalamu kwa mwingine.

Ndipo kumbukumbu ilipomjia, nayo ilikuja kwa nguvu kama mlango unaofunguliwa kwa teke. Alikuwa mtoto mdogo, siku walipohamia Mtaa wa Pell. Mama yake alikuwa amevaa kofia ya kanisani kwa furaha. Walikuta vitanda vya majirani wazungu viko juu ya malori, mtaa mzima unahama kana kwamba maji yanakuja. "Tumewakosea nini?" mama yake alinong'ona. Na wiki zile za mwanzo, Ozella mdogo dirishani, alikuwa akimwona mwanamke mmoja mweusi anapita na kigari cha mtoto. Juu mpaka chini, chini mpaka juu. Hakuna aliyejua anakaa wapi. Mtoto wake hakulia hata siku moja.

Kumbe.

Madalali walionunua kwa wazungu kwa bei ya kutupa ndio waliomuuzia mama yake kwa bei ya kumvunja mgongo. Mama akashindwa kulipa, nyumba ikarudi kwao, wakaikatakata vyumba, kikabaki kile alichokiacha Ozella asubuhi ile: bomba moja, taka mpaka dirishani, na harufu ya moshi wa Aprili. Na leo mkono unaosukuma kigari ni wake mwenyewe.

"Haya," alisema Mama Hruska, akinyosha mkono bila kujua lolote, "imeiva. Sasa nipe jiwe laini tumalizie."

Na Ozella, akili yake ikiwa bado Mtaa wa Pell, akainama akalichukua jiwe laini, akampa.

Jiwe laini lilikuwa chini ya gurudumu!

Kigari kilisita kidogo kama kinachoaga. Kikateleza. Kikaingia barabarani, kikakaa sawa kabisa kama kimetumwa, kikaanza kuteremka.

"MTOTO!" Mama Hruska alipiga ukelele uliopasua mtaa katikati. "Jamani, mtoto! MTOTO!"

Mungu wangu! Milango ilifunguka mtaa mzima kwa pamoja. Watu ambao kwa wiki zote zile walikuwa wakichungulia nyuma ya mapazia, wasiotoa hata kikohozi, walitoka kama nyuki. Mwanamke mwenye vibanio vya nywele alitoka na brashi mkononi, povu mpaka kwenye viwiko. Mwanamume mmoja alitoka nusu ya uso imenyolewa, nusu ina sabuni. Mke wa Nowak, ambaye alikuwa ameshafunga mizigo, aliruka ngazi zake zote tatu mara moja akapoteza kandambili. "Kishike! Kishike!" "Upande wa kushoto!" "Kushoto kwako au kwangu, mpumbavu we?" "Toto la watu linakufa!"

Ozella alikimbia mbele yao wote. Alijua wazi kuwa ndani mna plastiki tupu, lakini miguu ilikimbia kana kwamba mna damu yake. Mkono mmoja ameshika tumbo, mwingine umenyoshwa, na kile kigari kinamkwepa kwa kidole kimoja, kinaruka kila ufa wa lami, blanketi la waridi linapepea.

Na kutoka barabara ya chini, nani anaingia? Mzee Cephas, muuza matunda mweusi, na mkokoteni wake wenye kengele, na farasi wake Malkia aliyevaa kofia ya majani, anaimba kama kila Jumamosi:

"Matikitiii! Mekundu mpaka kwenye gandaaa!"

"Cephas!" alipaza sauti Ozella. "Ziba njia!"

Mzee Cephas hakuuliza swali. Alivuta hatamu, Malkia akasimama kwa miguu ya nyuma, mkokoteni ukageuka ukakaa mkingamo barabarani. Kigari kikaja na nguvu zake zote, kikapiga gurudumu, PAA! Matikiti yakamwagika, moja likapasukia kwenye koti jeupe la Bwana Wexley. Na abiria akaruka angani, blanketi huku, yeye kule.

Mzee Sedlak, mnene yule, mgonjwa wa magoti, mtu ambaye kupanda ngazi zake tatu humchukua sala nzima, aliitupa kalamu. Aliruka. Watu wa Durley wanaisimulia mpaka leo. Aliruka kama golikipa, akamdaka mtoto hewani, akaanguka chali juu ya matikiti, amemkumbatia kifuani.

"Nimempata!" alilia, machozi yanamtoka. "Nimempata! Yuko hai!"

Akamwinua. Mwanasesere, kwa kuinuliwa, akafungua macho yake ya bluu, tik!

"Ma-ma," akasema.

Mtaa mzima ukasogea kutazama.

"Wa plastiki," alisema Sedlak.

"Na mweupe," alisema yule mwenye nusu ndevu.

"Jamani," alisema Mzee Cephas, akivua kofia, "huyo si wa kwetu."

Hasira ikapanda, na nani asingekasirika? Wamekimbia bila viatu, mioyo imewatoka, kumbe wanakimbilia mdoli! "We mwanamke, unatuchezea?" "Waiteni polisi!" "Nilisema mimi, hawa watu ni matata!"

Bwana Wexley alikuwa anapangusa mbegu kwenye koti. Alikuja haraka, na sauti yake ilikuwa asali kama kawaida. "Poleni, ndugu zangu. Mimi simjui huyu, bila shaka ni mgonjwa wa akili. Sasa mmeona mtaa unaelekea wapi? Mzee Sedlak, tumalizie ile saini yetu." Na alipopita karibu na Ozella alimnong'oneza bila kutikisa midomo: "Nyamaza, na nyumba ya kona ni yako. Leo leo. Nitakupa ufunguo leo."

Ozella alitazama ule mlango wa kijani. Ulikuwa karibu kiasi kwamba aliona mahali rangi ilipobambuka karibu na kitasa. Bata wawili kwenye wavu walikuwa wanaogelea kwenye kijito chao, hawana habari. Tumboni, kitu kilimgusa kidogo kwa ndani, kama kidole.

Akaupa mlango mgongo.

"Ananijua," alisema. "Kigari ni chake. Mdoli ni wake. Kanunua mweupe kwa sababu hakudhani kuna mtu atamtazama."

"Mwongo huyu!"

"Naomba niulize," alisema Ozella, akiwageukia majirani. "Nani hapa kapigiwa simu akaambiwa habari zangu? Anyoshe mkono."

Watu wakatazamana. Mama Hruska alikuwa amefika, anahema, ndoo ya pili, ya maji ya kusuuzia, mkononi, maana ndoo yake haiachi nyuma hata kukiwa na kifo. Akainua bendeji yake juu. Kisha mke wa Nowak. Kisha mwenye vibanio. Mikono ikapanda, mingine ina povu.

"Mimi nilidhani anataka mnizoee," alisema Ozella. "Mpumbavu mimi. Anataka mnikimbie. Ninyi mnamuuzia kwa bei ya hofu, anatuuzia sisi kwa bei ya shida. Mama yangu alilipa mpaka akafa. Mnauliza Mtaa wa Pell uliungua kwa nini? Kuna kitendawili: nyumba yaungua miaka, moshi hauonekani. Ndio huo. Aprili mliona moshi tu. Moto aliuwasha mtu kama huyu, amevaa koti jeupe, tena mchana kweupe, na benki imeshika kiberiti na halmashauri imegeukia ukutani. Vijana wetu walipovunja vioo sikupenda. Niliogopa kama ninyi. Lakini mtaa ulikuwa umeshauawa zamani, wao walikuja mazishini tu."

Farasi Malkia alikuwa anakula tikiti.

"Hotuba nzuri," alisema Bwana Wexley. "Lakini magari ya kuhama yameshakodiwa, na karatasi hizi..."

Hakumaliza. Mama Hruska, ambaye alikuwa amesubiri nafasi yake, alifanya kile ambacho mwanamke wa Baltimore hufanya akishamaliza kusugua: alirusha ndoo. Kwa mkono wa kushoto, ule usiojua kazi! Maji yote ya kusuuzia yakampiga Wexley kifuani, karatasi zikalowa zikashikamana kama ukoko, wino ukaanza kukimbia.

"Ngazi huisha kwa kusuuzwa," alisema.

Kicheko kilianzia kwa Mzee Cephas, kikamwingia mke wa Nowak, aliyecheka huku analia, kikashika mtaa. Wexley aliondoka kwenye gari lake refu, viatu vinalia chwaa, chwaa, na alipofika mbali ndipo akatoa matusi, maana mwoga hutukana akiwa amepata mahali pa kukimbilia.

Sasa usidhani basi watu walikumbatiana. Mwenye nusu ndevu alisema waziwazi, "Dalali ni mwizi, sawa. Lakini mimi bado sitaki kukaa nao." Akaingia ndani, akafunga mlango kwa kishindo. Bango lake halikutolewa. Ya wengine yalitolewa, moja baada ya jingine, kimya kimya, kama watu wanaoanua nguo mvua ikiwakaribia.

Mzee Sedlak bado alikuwa amekaa juu ya matikiti, mdoli mapajani.

"Binti," alimwambia Ozella, "wa kweli unaye?"

Ozella akaweka mkono tumboni. "Yuko njiani."

"Hm." Alimlaza mdoli, macho yake yakafunga, tik. "Mimi naondoka hata hivyo. Si kwa ajili yako. Magoti. Mwanangu wa kike ana nyumba isiyo na ngazi. Mlete mumeo Jumatatu kwenye ukumbi nyuma ya kanisa. Tuna chama chetu cha kukopeshana, cha Wabohemia; wakiwakopesha, nyumba hii nawauzia ninyi. Watapiga kelele sana."

"Tena wataanza na mimi," alisema Mama Hruska, "maana mimi ndiye nitakayekuwa nimesimama mlangoni."

Walipiga kelele kweli. Rudell alisema kiwanda cha chuma ni kimya ukilinganisha. Lakini Mama Hruska alisimama mlangoni na bendeji yake, akakataa mtu kutoka kabla ya kura, na kura ya kuwapa mkopo ilipopigwa ilipita, kidogo tu, kama uzi unavyopita tundu la sindano.

Mwaka uliofuata, majira ya joto, mtaa haukuwa uleule. Wengine walihama, wakahamia watu wa kila rangi. Gari la taka lilianza kuruka wiki, likidhani hawatajua. Mama Hruska na Ozella walilikomesha: walibeba mapipa wakayapanga mbele ya ofisi ya halmashauri, na kuyasugua, na kukaa juu yake. Kazi ya kuushika mtaa usianguke ni kama ya ngazi. Huimalizi Jumamosi hii ukasema basi.

Asubuhi moja Ozella alikuwa sebuleni, mtoto wake begani anamcheulia maziwa. Hadie, mwenye sauti ambayo Mama Hruska alisema ng'ombe wa Bohemia wameshailalamikia. Kupitia wavu wa bata wawili aliona kitu juu ya mteremko.

Mwanamke kijana, mweusi, viatu vya Jumapili, anasukuma kigari. Taratibu. Hazungumzi na mtu. Kofia ya kigari imeshuka.

Ozella alimwona. Yeye hakumwona Ozella. Aliwaona bata.

"Haya, Hadie," alisema Ozella, damu imeshaanza kumchemka kwa furaha, "mgeni wetu kafika." Alichukua ndoo kwa mkono mmoja, akatia brashi na mawe yote mawili ndani, mtoto kwapani, akafungua mlango wa kijani kwa teke. Katikati ya mteremko, Mama Hruska alikuwa ameshasimama ngazini kwake, ndoo imejaa.

"Dada!" aliita Ozella, sauti ikijaza mtaa. "Wee dada mzuri wa kigari! Hebu sogea hapa. Hicho kigari chako kina breki?"